Siku Mama Mkwe Alipoingia Lamboni

Vijana mliochukua kazi baada yangu mmeniomba niwaandikie niliyoyaona katika uchungaji hapa Bariadi. Nimekubali haraka, maana tangu nikabidhi funguo za kanisa mke wangu Kabula ananipangia shughuli za nyumbani kila asubuhi, na kuandika ni shughuli inayofanywa mtu akiwa amekaa. Habari za mshahara sitaziandika, zingekwisha kwenye mstari mmoja. Vyeo navyo viko ukutani pale ofisini, pamoja na picha yangu ambayo mpiga picha alinipata nimefumba macho, na watu wakasema niko katika maombi. Mimi nitaandika juu ya maswali.

Kazi hii, msidanganywe, si kuhubiri. Kuhubiri ni Jumapili. Siku nyingine zote mtu anakuja kwako, anaegesha baiskeli, mnasalimiana mpaka ng'ombe na mvua wote wameulizwa hali, halafu anakuuliza jambo ambalo Biblia haikuligusa kabisa. Na anataka jibu kabla hajaondoka, kwa sababu kwake ni mbali.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ngulyati, nikiwa mwinjilisti kijana. Nilipewa baiskeli isiyo na breki ya mbele, kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, na mchungaji wa kunilea aitwaye Nkwabi. Sijaweka begi chini, akaja mama mmoja amebeba mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Akauliza kama Kulwa na Doto ni majina ya Kikristo, maana shemeji yake amemwambia ni ya kipagani. Nikafungua Biblia. Nikafungua tena. Mchungaji Nkwabi akachukua mtoto mmoja, akamwangalia, akasema, "Huyu ndiye aliyetangulia?" Mama akasema ndiyo. "Basi ni Kulwa. Sasa ungetaka tumwite nani?" Mama akaondoka anacheka, mimi nikabaki na kidole kwenye kitabu cha Mambo ya Walawi.

Nkwabi alikuwa na utaratibu mmoja, na huo ndio nilioufanyia kazi mpaka nimestaafu. Ukimletea mila, hakuulizi inaitwaje wala nani aliianzisha. Anauliza: "Inafanya kazi gani?" Halafu anakwenda kuiona mwenyewe. Vijana wetu walipoanza kulima pamba kwa ngoma ya bugobogobo, ile ya kurusha majembe kwa mdundo, washirika walikuja kwa hasira wakitaka wafukuzwe. Nkwabi akavua viatu, akaingia shambani, akalima nao asubuhi nzima. Alirudi mgongo umepinda, lakini amejua. Kumbe ngoma kazi yake ni kufanya watu walime bila kuchoka. Ila kiongozi wao alikuwa anapaka dawa kwenye mpini ili kundi walilokuwa wanashindana nalo lishindwe. Nkwabi akawaambia, "Dawa acheni. Ngoma pigeni, tena pigeni kwa nguvu, shamba la kanisa bado halijalimwa." Na walikuja kulilima.

Nilipohamia Somanda, mjini hapa, nikakutana na mzee wa kanisa aitwaye Ng'wandu. Huyu alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kiko njia ya hospitali, na ndiye aliyetushonea kanzu nyeupe za ubatizo. Alikuwa mtu mnyoofu kuliko rula. Kwa kila jambo jipya alikuwa na swali lake: "Imeandikwa wapi?" Tukanunua kinanda cha umeme: imeandikwa wapi? Kwaya ikavaa sare: imeandikwa wapi? (Sare zenyewe alishona yeye, akapunguza na bei.) Nilimheshimu sana, na siku nyingine nilitamani apate mafua ya Jumamosi yatakayomchukua mpaka Jumatatu.

Sasa niwaeleze juu ya mama mkwe wangu, Mayu Milembe (mayu kwetu ni mama), mama yake Kabula. Wale waliokulia mijini watashangaa. Kwetu mkwe wa kiume, nkwilima kama tunavyosema, na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kuepukana. Hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akiniona njiani anapita pembeni na kujifunika khanga. Akiwa na neno kwangu anampa mtu mwingine alifikishe, hata kama mimi ninalisikia.

Siku moja niko kwake, upande wa pili wa ghala, pamba imeanikwa uani. Wingu likatanda ghafla. Yeye yuko jikoni, mimi nipo huku, na hapakuwa na mtu wa katikati. Nikasikia sauti: "Wewe kuku, mwambie nkwilima mvua inakuja, pamba italowa." Kuku akaendelea kuchakura. Nikaona nisipojibu ni utovu wa adabu, nikasema, "Kuku, mwambie mayu nimesikia, wabeja, asante." Nikaanua pamba. Tangu siku hiyo, watu wakikosekana, kuku ndiye aliyekuwa mjumbe wetu, na nakiri aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko baadhi ya wajumbe wa kikao.

Mayu Milembe hakuwa mshirika wa kanisa lolote. Kabula alimwombea mama yake miaka yote ya ndoa yetu, asubuhi kabla ya kuwasha moto, na mimi nikiitikia amina nikiwa bado kitandani. Mama alikuja kanisani mara kwa mara, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango, uso ameugeuzia dirishani nisije nikamtazama. Nilidhani hasikilizi. Halafu mwaka mmoja, mvua zinamalizika na kifua kinaanza kumsumbua, akamwita Kabula akamwambia, "Mwambie nkwilima nimeamini. Nataka kubatizwa kabla sijaondoka."

Kabula aliniletea habari hizo anakimbia, kiatu kimoja kimebaki njiani. Tulishikana mikono tukarukaruka sebuleni kama watoto. Tukiwa bado tunaruka, Kabula akasimama. "Sasa," akasema, "nani atamshika?"

Mnajua tunavyobatiza. Watu wanaingia majini wazima wazima, na sisi hatuna mto wa kuaminika, tuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Mchungaji anaingia na mtu mpaka kiunoni, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine unashika mikono yake kifuani, anamlaza na kumwinua. Mimi nimshike mgongo Mayu Milembe? Amelowa? Mbele ya ukoo mzima? Kabula alikwenda kumuuliza, akarudi na jibu fupi: "Nabatizwa. Nkwilima asinishike."

Nikafikiri ni jambo jepesi, nikapeleka wazo kwenye kikao cha wazee kwamba tualike mchungaji jirani. Ng'wandu akasimama. Nilingojea "imeandikwa wapi," lakini siku hiyo hakulisema. Alizungumza taratibu.

"Mchungaji, mimi nilipookoka nilichoma hirizi za baba yangu kwa mkono wangu. Ndugu zangu waliacha kunisalimia, mpaka leo wengine hawanisalimii. Hakuna aliyenitafutia njia ya pembeni. Leo mila inataka kuingia na mtu majini, na tunaipisha kwa kuwa ni mama mkwe wa mchungaji? Akikataa mkono wa mchungaji wake kwa ajili ya mila, hajatubu. Angoje."

Wazee wengine wakainamisha vichwa. Na mimi ndiye mwenye mama mkwe, nikifungua mdomo naonekana natetea nyumba yangu. Kikao kikaahirishwa. Nilipomwambia Kabula, hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Ukimwambia mama angoje, atajibu sawa. Atarudi kwake. Hataomba tena, namjua. Na kile kifua hakitangoja." Akaenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Nikapanda pikipiki mpaka Nyalikungu kule Maswa, alikostaafia Mchungaji Nkwabi. Nilimkuta uani anamenya karanga, miguu imevimba lakini macho yako palepale. Nikamweleza yote. Akasema, "Nionyeshe unavyobatiza." Nikasema, "Baba, si unajua?" Akanitupia mto wa kiti. Basi nikasimama katikati ya uani, mtu mzima mwenye mvi, nikaubatiza mto. Mkono mgongoni, mkono kifuani, nikaulaza, nikauinua. Mke wake alitoka jikoni akanitazama, akarudi jikoni.

"Nani alikufundisha kuweka mkono hapo mgongoni?" akauliza Nkwabi.

"Wewe."

"Na mimi?"

"Mchungaji aliyekubatiza."

"Na yeye?"

"Sijui, baba."

"Hata mimi sijui!" Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Tukachukua Biblia, tukasoma habari za Yordani, tukasoma za yule towashi na Filipo walioshuka wote wawili majini. Kushuka kupo, maji yapo, kupanda kupo. Mkono uwekwe wapi, hakuna. Kanzu nyeupe hakuna. Kitambaa cha kufunika pua hakuna. Tulikuwa na mila yetu wenyewe tumeishikilia miaka yote, safi, imepigwa pasi, na hatukuijua kuwa ni mila. Nkwabi akaokota karanga zake. "Si mbaya," akasema. "Mkono ule unasaidia. Lakini nenda kamuulize mama yule mila yake inafanya kazi gani. Halafu ujiulize na mkono wako unafanya kazi gani."

Nilikwenda na Kabula mpaka kwa Mayu Milembe. Yeye akakaa ndani, mimi nikakaa nje chini ya dirisha, Kabula mlangoni akipitisha maneno. Nikauliza: anaogopa mizimu itamdhuru nikimgusa? Kabula hata hakupata nafasi ya kurudia swali. Kicheko kikatoka dirishani.

"Mwambie siogopi mizimu. Niliyoiogopa nimeshaiacha, ndiyo maana nataka maji. Mwambie nikiguswa sitakufa, nitaona aibu tu. Nilipomtoa binti yangu nilisema sitaingiza mdomo wangu wala mkono wangu katika nyumba yake. Wenzangu wanagombana na wakwe zao kila msimu wa mavuno. Muulize, tangu amwoe, amewahi kusikia neno langu baya?"

Kabula akanigeukia ili aniulize, lakini sikumngoja. Nikajibu mwenyewe, kwa sauti, kuelekea ukutani: "Sijawahi, mayu." Na ni kweli. Nilikuwa nimeichukulia ile mila kama ukuta wa kunizuia mimi, kumbe alikuwa anailinda ndoa ya binti yake. Nilijisikia mdogo na nilifurahi, vyote pamoja.

Kikao kiliporudi nikaeleza maneno yake kama alivyoyasema, halafu nikagusia mkono wangu mwenyewe. Nikasema, "Mzee Ng'wandu, leo naazima swali lako. Mkono wa mchungaji mgongoni, umeandikwa wapi?" Akavaa miwani. Akafungua, akapekua, akalowesha kidole, akapekua tena. Mzee mmoja akaanza kukoroma, tukamgusa. Mwisho Ng'wandu akavua miwani, lakini hakuuliza juu ya mkono.

"Umesema haogopi?"

"Haogopi. Anaona aibu, ni heshima."

"Hiyo ni tofauti," akasema. "Hirizi za baba nilizichoma kwa sababu tuliziogopa. Tulizichinjia kuku na mbuzi. Heshima sikuchoma." Akafikiri tena. "Ajizamishe mwenyewe. Lakini wewe uwe ndani ya maji, karibu, useme maneno. Na aseme mbele ya watu kwamba haogopi kitu." Nikamshukuru. Akanijibu kwamba nisimshukuru, nimletee vipimo, kwa sababu kanzu ya mama lazima iwe na vijiwe kwenye pindo.

Hapo na ninyi mwandike. Kanzu ya mwanamke majini inaelea na kufunguka kama mwamvuli, na mama wa watu anaaibika. Ng'wandu alishona vijiwe vidogo ndani ya pindo, ikatulia. Pia nendeni lamboni siku moja kabla, mpime kina kwa fimbo, mchomeke kijiti mahali pa kusimama. Na ongeeni na wenye mifugo wanyweshe upande wa pili. Mimi nilipima, nilichomeka, niliongea nao. Nilichosahau ni kwamba ng'ombe hawakuwepo kwenye mazungumzo.

Asubuhi ya ubatizo kundi zima lilikuwa limepita palepale kwenye kijiti. Maji yametulia juu, huwezi kujua, lakini chini ng'ombe wamechimba mashimo. Watu wamejaa kingoni, kwaya inaimba, Kabula ameshika khanga ya kumfunikia mama. Mayu Milembe akasimama akasema, kwa Kisukuma na kwa sauti kubwa, kwamba haogopi kitu chochote isipokuwa Mungu na yale maji ya baridi. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Akaingia, uso ameugeuzia upande wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kadhaa kutoka kwake, mikono nimeikunja kifuani ili isije ikajisahau.

Nikaanza: "Milembe, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..." Nikaona kichwa chake kimetoweka. Mguu ulikuwa umeingia shimoni. Vijiwe vya Ng'wandu, vilivyoshonwa kwa uaminifu mkubwa, vikamvuta. Nikainua mikono, nikaisimamisha hewani, nisiishushe wala nisiirudishe. Kwaya ikanyamaza. Kabula akapiga kelele jina langu. Wallahi, kama mchungaji anaruhusiwa kusema hivyo, sikumbuki nilifikiri nini. Nakumbuka nimepiga hatua moja.

Kabla ya hatua ya pili kitu kikubwa kilinipita kwa kishindo. Alikuwa Ng'wandu, na suti yake, na tai, na viatu alivyovipiga kiwi. Alimshika mama mabega, akamwinua juu, maji yakimtiririka usoni. Mayu Milembe akakohoa, akapangusa uso, akawa mzima.

Halafu wote kwa pamoja tukafikia swali moja. Amezama kwa jina la Baba na la Mwana. Roho Mtakatifu nilikuwa sijafika. Je, amebatizwa? Nikamtazama Ng'wandu. Nikamwona anafungua mdomo, na nikaijua sentensi inayokuja. Akaufunga. Akafungua tena. Maji yalikuwa yamemfika kifuani na tai inaelea mbele yake.

Mama ndiye aliyeamua. Bila kunigeukia akasema, "Mwambieni nkwilima arudie, tena aseme haraka." Lambo zima lililipuka kwa kicheko. Ng'wandu akampa mkono wake, mama akaushika. Nikasema maneno yote, upesi, na Mayu Milembe akajizamisha mwenyewe kwa heshima zote huku mzee wa kanisa amemshikilia, kisha akaibuka anapiga kigelegele chake mwenyewe. Kabula aliingia na khanga mpaka magotini, analia na kucheka. Mimi nililia waziwazi na sikuficha, maji ya lambo yalinisaidia.

Kila meza ya Bwana baada ya hapo, Ng'wandu ndiye aliyempelekea mama sinia kule nyuma, karibu na mlango, yeye mwenyewe, hata miguu ilipoanza kumsumbua. Mama alikula amegeukia dirishani, ili asile mbele ya mkwe. Sikumsikia Ng'wandu akiuliza imeandikwa wapi. Suti ile haikupona.

Siku ya pili baada ya ubatizo nilikutana na Mayu Milembe njiani, moyo umejaa, nikidhani pengine sasa mambo yatabadilika kidogo. Akapita pembeni, akajifunika khanga, kama kawaida. Na kifua kile tulichokiogopa kilipona chenyewe, akaishi mpaka akaniona nina mvi kichwa kizima.

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya kuniaga, mimi na Kabula tulikwenda kumsalimia. Sasa ni bibi kizee, lakini masikio yake ni ya msichana. Kabula alikwenda kuteka maji, nikabaki uani peke yangu, nimekaa kwenye kigoda, mikono mitupu, sijui la kufanya na mchana wa katikati ya wiki. Nilikuwa na huzuni, niseme ukweli. Miaka yote mtu anakuita mchungaji, halafu siku moja unakuwa mzee aliyekaa kwenye kigoda.

Nikasikia sauti jikoni.

"Wewe kuku, mwambie mchungaji pole kwa kazi, imekwisha, apumzike." Nikasikia chungu kikifunikwa. "Na mwambie nkwilima yeye hajastaafu. Mvua inakuja, aanue pamba."

Nikainuka nikaanua pamba.